Turubai Juu ya Maji ya Mdogo Wangu

Nianze na ubaya wangu, ili tusije tukasumbuana huko mbele. Mdogo wangu nilimwonea wivu miaka mingi kabla hajapata kitu cha kuonewa wivu. Kwetu ni Lugulu. Mimi ni kifungua mimba, yeye ni wa nne, na katikati yetu ni wavulana watupu. Nilimbeba mgongoni nikienda kuchota maji, nikamfundisha kusuka, nikamfundisha hata jinsi ya kumdanganya mama. Kisha shule ikaniishia kidato cha pili, nikaolewa Kamukuywa, na yeye akasonga mbele mpaka akawa nesi. Siku alipohitimu nilipiga vigelegele kuliko wanawake wote waliokuwepo, na ndani ya vile vigelegele kulikuwa na uchungu ambao niliusikia peke yangu.

Miaka ikaenda. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati simu zetu zilikuwa za kumulika tu, ilie mara moja ukate ili upigiwe, yeye na mume wake, ambaye ni daktari wa mifugo, walinunua nyumba kuukuu ya mzungu nje kidogo ya Kitale, upande wa kwenda Saboti. Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo la saruji limejaa majani na vyura. Waliotangulia walikuwa wakinyweshea ng'ombe hapo. Nilipoliona nilifurahi, sitaficha. Nilirudi Kamukuywa nikamwambia mzee wangu kwamba wale wasomi wamenunua kidimbwi cha vyura, na siku hiyo nilipika chapati bila kuombwa na mtu.

Furaha yangu haikumaliza mwaka. Likizo ya Agosti aliniita niende na watoto wangu watatu, na nilipozunguka nyuma ya nyumba nikakuta vyura wamehamishwa. Saruji ilikuwa imekandikwa upya na kupakwa rangi ya samawati, na maji yametulia, safi, unaona mpaka chini. Bwawa la kuogelea, kwa mtu niliyempangusa makamasi. Moyo uliniuma kama jino bovu.

Lakini huwezi kulifikia hivi hivi. Alikuwa amelizungushia uzio wa waya mrefu kunipita mimi, na mlango wake ulivutwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa hiyo ukiuachilia unajifunga wenyewe. Komeo lilikuwa juu kabisa, upande wa ndani, mtoto hata akipanda ndoo halifikii. Kwenye mlingoti mmoja lilining'inia dumu la njano la lita ishirini, tupu, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ndefu. Hilo, akaniambia, ni la kumrushia mtu akizidiwa, na ni marufuku kuchotea maji. Na pembeni ya dumu kulikuwa na kofia kubwa ya kijani.

Ile kofia ndiyo iliyonichokoza kuliko yote. Sheria yake ilikuwa kwamba mtoto haingii majini mpaka mtu mzima mmoja aivae, na akishaivaa hasuki, hachambui mboga, hapokei simu, hata mgeni akija hasimami kumsalimu. Kazi yake ni kuangalia maji tu. Akichoka anamvika mwingine kwa mkono wake mwenyewe. Alinieleza pia kwamba pale hospitalini wamewahi kuletewa mtoto aliyezama kwenye ndoo ya kufulia, mama yake yuko hatua tatu akianika nguo. Kwamba mtoto akizama hapigi kelele kama watu wanavyodhani. Ananyamaza tu. Alisema haya kwa ile sauti yake ya wodini, nami nikayasikia kama mwanafunzi anayegombezwa mbele ya darasa.

Akaninyooshea kofia. Nikaitundika tena pale mlingotini, nikamwambia mimi nimekuja kutembea, sikuja kuandikwa kazi ya uaskari. Hakubishana. Aliivaa yeye, akaketi juani saa mbili nzima akiangalia watoto wangu wakiogelea na watoto wake wawili, na mimi nikakaa kivulini nikinywa chai yake na kumkasirikia.

Kama mambo yangeishia kwenye maji, pengine ningepoa. Shida ilikuwa kitinda mimba wangu, msichana wa miaka minne. Mama mdogo alimshika tumbo ndani ya maji, akamwonyesha namna ya kupiga miguu, na kuanzia siku hiyo nyumbani kwangu hakukuliwa kwa amani. Mama mdogo ana maji ya buluu. Mama mdogo hanikazi nywele. Mama mdogo akasema nikikua nitakuwa samaki. Nilipomweka kwenye karai alilia, ati haya maji hayana pa kupigia miguu. Siku moja akaniuliza lini tunarudi nyumbani, nikamwambia nyumbani ni hapa. Akasema, basi nyumbani kwa mama mdogo.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi vidole vyangu vilikuwa vizima. Nilipanda gari nikaenda Lugulu kwa mama. Nikamwambia mdogo wangu amejenga uzio kama wa nguruwe ili watoto wetu wasimchafulie maji. Ati hata wageni anawavika kofia awasimamie. Niliongeza chumvi hapa, nikapunguza pale, mama akatikisa kichwa mpaka kitambaa kikamtoka. Kesho yake akampigia simu. Akamwambia sikukuu ya Krismasi ukoo wote utakuja kwake kama ilivyopangwa, lakini hataki kuona watu wa damu moja wamefungiwa nje ya waya kama wezi.

Nilitegemea mdogo wangu akatae. Ni mbishi, na kwa mambo ya usalama wa watoto alikuwa kama askofu na imani. Lakini nilipofika Kitale siku mbili kabla ya sikukuu, nikiwa na kuku watano na viazi, nikakuta upande mzima wa uzio, ule unaotazama uwanja, umeng'olewa. Waya umekunjwa nyuma ya zizi. Viti vimeanza kupangwa kuelekea majini, na maji yanameta. Alikuwa amesimama hapo akinitazama, kama anangoja niseme neno.

Sikusema. Niliona siku yenyewe itakavyokuwa. Shangazi zetu, wajomba, wake za kaka zangu, mama, wote wameketi mbele ya lile bwawa wakipiga mdomo, ati huyu msichana amefika. Na mimi nyuma jikoni nachinja kuku.

Ndipo nikasema kwa upole, nikiweka uso wa dada mkubwa mwenye busara, kwamba watoto watakuwa wengi na uzio haupo, kwa nini tusifunike maji kwa turubai. Nilikuwa na lile letu kubwa la kuanikia mahindi, mzee wangu angeweza kulituma na gari la mbolea. Tutalikaza pembeni kwa matofali, hakuna mtoto atakayeona maji. Nililitaja neno usalama mara tatu, nilikuwa nimelisikia kwake. Haki ya Mungu, usalama haukuwa kichwani mwangu hata kidogo. Nilitaka lile bwawa la buluu lifunikwe tu, watu wale wali waende zao.

Alisita. Aliuliza kama turubai linaweza kumbeba mtoto akikanyaga. Nikamwambia nani atakanyaga, si kutakuwa na watu wazima kila upande? Akaangalia viti vyake, akaangalia mahali uzio ulipokuwa, akakubali. Nadhani alishachoka kuitwa mtu wa kiburi.

Wewe unayetoka mbali huenda hujui Desemba yetu ilivyo. Mahindi yamevunwa, yamepukuchuliwa, na kila boma kuanzia Kamukuywa hadi Kitale limetandaza turubai uani. Watoto wanazaliwa na kukuta turubai chini. Wanajua kuyapindua mahindi kwa miguu, wanaburuta nyayo na kuacha mistari, na wale wadogo kabisa wasioweza hata hilo wanapewa fimbo wafukuze kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kitinda mimba wangu tangu alipojua kutembea vizuri, na aliifanya kwa bidii kuliko kaka zake. Kuku hakuthubutu kudonoa yeye akiwa pale.

Turubai lilipofika sikulikung'uta. Tulilitandaza asubuhi ya Krismasi, tukaweka matofali kuzunguka, na lilipotulia lilikuwa kama turubai lolote lile la msimu, chini, uani, likingoja mahindi. Punje kadhaa zilikuwa zimebaki kwenye mikunjo. Niliziona. Nikasema moyoni, wacha zikae.

Wageni walikuja wakajaa. Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu kila aliyeuliza bwawa liko wapi alionyeshwa turubai, akasema aah, akaenda kutafuta kiti kivulini. Mama peke yake alilalamika kwamba amekuja kuona maji na sasa anaonyeshwa ghala. Mimi nilikuwa nje karibu na jiko la kuni, nakoroga ugali wa watu arobaini, najisikia mwepesi. Lile dumu la njano lilikuwa miguuni pangu. Mlingoti wake uling'olewa pamoja na uzio, mtu akalikuta limelala, akaikata kamba, akachotea maji ya ugali. Nililiona na nikalitumia.

Kuku wangu mmoja aliyebaki hai alikata kamba. Akazunguka uwanja, akaziona zile punje, akapanda turubai. Wa mdogo wangu wawili wakamfuata. Turubai liliwabeba kuku bila shida, liliyumba kidogo tu. Niliwaona kwa mbali, nikacheka peke yangu, nikasema leo bwawa la watu limekuwa banda.

Halafu nikasikia sauti ya mtoto wangu. Shii. Shii. Alikuwa ametoka nyuma ya nyumba na kijiti mkononi. Nitakuambia ukweli wote: nilijivuna. Nilijisemea, huyu ni wangu, hata katikati ya sherehe ya wasomi anajua kazi ya kwao. Nikageukia sufuria.

Shii ya tatu haikuja.

Kuku walilia, mbawa zikapiga, kisha kimya. Na ule ukimya ndio ulionigeuza shingo, kwa sababu niliwahi kuambiwa kuuhusu na nikakataa kusikiliza. Matofali ya upande mmoja hayakuwepo. Turubai lilikuwa limezama katikati, maji yamepanda juu yake, na kijiti kinaelea.

Nilikimbia. Sijui kuogelea, na hata sasa sijui. Lakini mikono yangu ilijua kitu kimoja tu kuhusu turubai: mvua ikija, unashika pembe unavuta kuelekea katikati, unafunika mali. Nikashika pembe, nikapiga kelele wanawake washike nyingine, na walishika, kwa sababu na wao ni watu wa mahindi. Tukavuta kwa nguvu zetu zote. Mtoto alikuwa ameteleza upande ulioporomoka, yuko chini ya turubai, na kila tulipovuta tulikuwa tunamfunika.

Mdogo wangu alikuja mbio na gauni lake la kanisani. Alinipiga mkono kwa ngumi.

"Wachia turubai. Dada, wachia!"

Sikuachia. Vidole vilikataa. Alinibandua kidole kimoja kimoja, kisha akaruka na viatu vyake. Pembe zikalegea, akapotea chini ya lile turubai langu, na nikabaki nimesimama ukingoni nikiangalia kitu kikipigana kwa ndani. Sijui ilikuwa muda gani. Ugali uliungua, hilo nalijua, nilisikia harufu yake.

Alitokea upande wa pili akiwa na mtoto begani. Uso wa mtoto ulikuwa umebadilika rangi. Akamlaza kwenye saruji, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi mdomoni, akapuliza tena, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea. Mara ya tano au ya sita maji yakatoka, yakatoka tena, kisha kilio. Mama akaanguka magoti. Mimi nikafungua mikono nimchukue mwanangu.

Hakuja kwangu. Alimkumbatia mama yake mdogo shingoni kwa mikono yote miwili, akakaza, nilipojaribu kumtoa akapiga kelele. Na hapo, mbele ya Mungu, mtoto akiwa hai dakika moja tu, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa shukrani. Ilikuwa wivu. Niliangalia ile mikono midogo shingoni mwa mdogo wangu, nikauma meno. Nimeungama mambo mengi kanisani, lakini hili sijawahi kuliungama mpaka leo.

Tulimpeleka hospitalini, akaangaliwa, akalazwa siku moja, akarudi mzima. Jioni ya siku ya pili shemeji alituketisha sebuleni. Ni mtu mtaratibu, hainui sauti. Aliuliza nani alitoa wazo la turubai, kwa sababu mtu yeyote anayelijua bwawa anajua kitambaa kilicholegea juu ya maji ni kibaya kuliko maji wazi. Mama aliangalia sakafu. Mimi niliangalia mikono yangu, vidole vilikuwa bado vina alama za pindo la turubai. Mdomo niliufungua. Nakumbuka niliufungua.

Mdogo wangu akasema ni yeye. Hapa ni kwake, sheria ni zake, yeye ndiye aliyeng'oa uzio na yeye ndiye aliyefunika maji. Shemeji alimtazama muda mrefu, akatoka nje. Mama akaanza kumlaumu kwa Kibukusu, mpaka akachoka. Nami nikakaa kimya, nikamwacha ale lawama zote zilizokuwa zangu. Hata wema wake niliuonea wivu.

Nilivumilia wiki tatu. Mtoto alikuwa akiamka vizuri, anacheza vizuri, lakini akiona turubai uani anarudi ndani. Mahindi yetu mwaka ule yalidonolewa na kuku kama hayana mwenyewe. Kila nikimwona amesimama mlangoni na fimbo yake, hataki kukanyaga, chakula kinanikwama. Mwisho nikavaa viatu, nikaenda Kitale bila kumulika simu kwanza.

Nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba, anachimba mashimo ya milingoti. Uzio ulikuwa umerudi nusu. Nikachukua jembe la pili. Tulichimba mashimo mawili bila kusemezana, udongo wa Kitale ukiwa mkavu Januari ile, na katikati ya shimo la tatu nikamwambia.

"Nilileta lile turubai ili watu wasiyaone maji yako."

Aliendelea kuchimba. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia, japo sikuwa na nguvu ya kurudia.

"Najua," akasema. "Na mimi nilitoa uzio ili wewe uyaone."

Nikamwambia si ni mama aliyelazimisha. Akaweka jembe chini. Akasema mama angelalamika mwaka mzima, waya usingetoka hata inchi moja, anayajua maji na anamjua mama. Aliutoa kwa sababu alitaka mimi niketi kwenye kiti cha mbele, niangalie, niseme mara moja tu kwa mdomo wangu kwamba mdogo wangu umefanya vizuri. Alikuwa akilingoja hilo neno tangu akiwa mgongoni kwangu, akasema, na akalia kidogo, kwa hasira.

Tulisimama pale, watu wazima wawili tuliozaa, na shimo kati yetu. Mmoja alitaka kuonyesha, mwingine alitaka kuficha, na mtoto wa miaka minne akapita katikati akifukuza kuku. Nilimwambia amefanya vizuri. Neno lilitoka kwa shida, kama mwiba, lakini lilitoka. Kisha tukamaliza uzio. Tyubu mpya ya mlango niliifunga mimi mwenyewe, nikaujaribu mlango mara kumi, ukajifunga mara kumi.

Dumu jipya likatundikwa. Na kofia ya kijani nikaitungua mlingotini, nikaivaa bila kuambiwa.

Niliivaa miaka mingi. Kila likizo nilikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya uzio, sisuki, sichambui, simu naiacha ndani ya nyumba. Wageni walifika wakanisalimu, nikawajibu bila kugeuza shingo, wakaenda kusema dada mkubwa ana maringo siku hizi. Ilichukua muda mtoto kuingia majini tena. Alitia kidole kwanza, kisha miguu, kisha siku moja akakubali kushikwa tumbo, si na mimi, kwa sababu mimi ningemzamisha. Alishikwa na yule yule.

Na siku alipoogelea peke yake kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, alikuwa na miaka sita, aliogelea kutoka upande wangu kwenda kwa mama yake mdogo aliyekuwa amefungua mikono ndani ya maji. Kila hatua alikuwa akiniacha mimi akienda kwake. Iliniuma, nisiseme uongo, iliniuma kama siku zote, na sikupepesa jicho. Alipofika akashika bega la mdogo wangu, akafuta maji usoni, akageuka kunitafuta.

"Mama, umeniona?"

Nikamwambia nimekuona, mwanangu. Nimekuona njia yote.